Kumhamishia Vasilisa Ukerewe: nini kibaki, nini kibadilike?

Nansio_Usiku
Wadau, habari za humu. Naandika riwaya fupi kutokana na ngano ya Kirusi ya Vasilisa, yule binti aliyetumwa kuomba moto kwa Baba Yaga, bibi mchawi wa msituni. Nimeihamishia kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria, zama hizi. Theluji nimetoa, farasi nimetoa, lakini bado inasomeka kama ngano ya Warusi iliyovalishwa kanga. Nikaze wapi?

Msomaji Mkongwe
Mkuu, kinachokuangusha ni hizo "zama hizi". Ngano nzima inaning'inia kwenye moto: mshumaa unazimwa makusudi, nyumba inabaki giza, lazima mtu atoke. Nansio kiberiti kipo kila duka na simu ina tochi. Ama rudi enzi za kubeba kaa kwenye kigae, ama badilisha kinachofuatwa. Taa ya kuvulia dagaa inafaa. Dagaa huvuliwa siku za giza, mwezi usipokuwepo, na mtumbwi usio na taa unalala ufukweni. Hapo binti ana sababu ya kwenda, na ana siku chache tu kabla mwezi haujarudi. Lile fuvu lenye macho yanayowaka, analorudi nalo nyumbani, nalo linapata kazi.

Kinu, mchi na ufagio usiguse. Baba Yaga husafiri ndani ya kinu, akikisukuma kwa mchi na kufuta nyayo zake kwa ufagio. Vyote viko kila ua huku kwetu. Wapanda farasi watatu, mweupe wa alfajiri, mwekundu wa jua, mweusi wa usiku, wafanye matanga ya mitumbwi. Kwa kibanda cha miguu ya kuku kinachogeuka kikiamriwa, chukua jiwe linalocheza la kisiwa jirani cha Ukara. Jiwe la Bismarck la Mwanza achana nalo, kila abiria wa feri analiona, halimtishi mtu.

Atakayekuua ni mwanasesere, yule binti aliyeachiwa na marehemu mama yake. Kwenye ngano anafanya kazi zote usiku, binti amelala. Kurasa chache zinavumilika. Kwenye maneno 40,000 hofu haipo. Bana palepale ngano inapokuruhusu: lazima alishwe kwanza ndipo asaidie. Chakula kikikosekana, msaada hakuna. Kazi yenyewe, badala ya kuchambua mbegu na udongo, mpe gunia la dagaa walioanikwa mchangani, asubuhi Baba Yaga atafune mmoja mmoja akisikiliza kama kuna chembe inayolia menoni. Usiku wa kwanza uandike kwa kirefu. Wa pili aya moja inatosha.

Kayenze Juu
Kuna jambo limerukwa. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengi kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ukimchora bibi mla watu mwenye macho mekundu, umeandika shtaka lilelile.

Na Baba Yaga wa ngano si mla watu tu, ni mpimaji. Vasilisa anauliza juu ya wapanda farasi aliowaona nje, ila jozi tatu za mikono zilizojitokeza ndani haziulizi, na bibi anamsifu kwa hilo. Jenga sura yako kuu hapo. Macho mekundu yaache kwenye midomo ya majirani.

Nansio_Usiku
Hilo la macho sikuliwaza kabisa, asanteni. Na hakimiliki? Katherine Arden na Naomi Novik, walioandika riwaya kutokana na ngano kama hizi, wamenikaa kichwani.

Msomaji Mkongwe
Ngano ni za wote, mkusanyaji wa Kirusi Afanasyev alizichapisha 1855 hadi 1863. Alichobuni mwandishi ni chake: Staryk, wale watu wa barafu wa *Spinning Silver* (2018), ni wa Novik, usiwaguse. Hapa kwetu ulinzi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo. Funga riwaya zao mpaka rasimu ya kwanza iishe. Ukimrudia Arden (*The Bear and the Nightingale*, 2017), tazama jinsi mizimu ya nyumba inavyodhoofika watu wakiacha kuiwekea chakula. Mbinu hiyo si mali ya mtu.

Kayenze Juu
Na uishie fuvu linapowateketeza mama wa kambo na binti zake. Kile kitani chembamba anachofuma Vasilisa baadaye na harusi yake na mfalme ni hadithi ya pili iliyobandikwa nyuma. Ukiihitaji sana, afume nyavu, na mfalme mwache Urusi.