Gari la kampuni kulala nyumbani, posho ya usafiri au malipo ya kilomita: kipi kina nafuu kwenye mishahara?

KaratuHesabu
Wakuu, heshima kwenu. Nipo kitengo cha mishahara kwenye kampuni ya pembejeo, makao yetu Arusha, na tuna tawi dogo Nairobi. Watu wetu wa mauzo ni sita, kila mmoja ana Hilux ya cc 2,400 isiyofikisha miaka mitano. Kwa karatasi ni magari ya kazi. Kwa ukweli yanalala kwao, Jumamosi yanakwenda sokoni, Jumapili kanisani, na mwezi uliopita moja limeonekana Usa River limefungwa riboni na bibi harusi kakaa nyuma.

Bosi kasema hivi: ama tuyaingize kwenye mishahara yao kama faida inayokatwa kodi na mchezo wa kujificha uishe, ama tuyachukue tuwape posho, ama wanunue ya kwao tuwalipe kwa kilomita. Anataka ulinganisho Ijumaa. Nikiwaza bei ya hizo Hilux naogopa vijana watabaki na slipu tupu. Mwenye uzoefu anisaidie.

MzeeWaMakato
Shusha pumzi kwanza, mwanangu. Huku kwetu bei ya gari haimo kabisa kwenye hesabu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina jedwali linaloangalia vitu viwili tu, ukubwa wa injini na umri wa gari. Injini isiyozidi cc 1,000 inahesabiwa 250,000 kwa mwaka, hadi cc 2,000 ni 500,000, hadi cc 3,000 ni milioni 1, na zaidi ya hapo milioni 1.5. Gari likivuka miaka 5 kila kiwango kinashuka nusu. Na hiyo ni thamani ya faida kwa mwaka mzima. Usiichanganye na kodi yenyewe.

Hilux yako sasa. Milioni 1 gawa kwa 12 ni 83,333 kwa mwezi. Mtu ambaye mshahara wake umeshapita milioni 1 kwa mwezi yuko kwenye asilimia 30, kwa hiyo PAYE yake, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, inaongezeka 25,000. Basi, imeisha. Gari likiwa na miaka sita ni 12,500. Kampuni, kama mna watu kumi na kuendelea, inaongeza SDL (tozo ya mwajiri ya kuendeleza ujuzi) ya asilimia 3.5, ambayo kwa gari hilo haifiki hata 3,000.

Haya, mnyang'anye gari umpe posho ya 800,000. PAYE inaondoka na 240,000. Mkononi anabaki na 560,000, NSSF bado haijafika mezani, na kampuni inalipa SDL 28,000 kwa kichwa. Kwa hiyo 560,000 anunue gari, ajaze mafuta, alipe bima, abadili matairi kila akitoka barabara za Kiteto. Nani atakubali?

KaratuHesabu
Nimerudia kusoma mara mbili. Elfu ishirini na tano? Kuna mmoja hapa ofisini bodaboda ya kumpeleka mtoto shule inamla zaidi ya hiyo.

MzeeWaMakato
Ndiyo maana nashangaa kampuni zinazoficha. Mnaogopa makato ya elfu ishirini na tano, siku mkaguzi wa TRA anakuja anakuta miaka mitatu haijaandikwa, na hapo kuna adhabu na riba.

DadaThika
Wazee wa Arusha msishangilie sana, mwenzenu amesema ana tawi Nairobi. Huku KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inaanza kwa kuuliza mlinunua gari pesa ngapi. Ni asilimia 2 ya bei ya kununulia, kila mwezi. Kuna pia viwango vya Kamishna wa kodi kulingana na cc, na kilicho juu kati ya hivyo viwili ndicho kinachoingia kwa mshahara. Viwango vya Kamishna ni vidogo, kwa hivyo karibu kila mara asilimia 2 inashinda.

Mfano wa ofisini kwetu: Fielder ya cc 1,500, ilinunuliwa 1,800,000. Kiwango cha Kamishna ni 4,200. Asilimia 2 ni 36,000. Inaingia 36,000, na kwa mtu aliye kwenye asilimia 30 PAYE inapanda 10,800 kwa mwezi. Kinachouma ni kwamba bei ya kununulia haizeeki. Fielder yenyewe imechoka, mlango wa nyuma lazima ufunguliwe kwa ndani, lakini kwa hesabu bado ni ile ya 1,800,000. Mkikodi gari badala ya kununua, gharama ya kukodi ndiyo inaingia.

Sasa posho. Mtu yule yule mpe 40,000 taslimu. Ushuru wa nyumba 1.5% ni 600, SHIF ya bima ya afya 2.75% ni 1,100. Hizo mbili tangu Desemba 2024 zinatolewa kabla ya kodi, kwa hivyo PAYE ni asilimia 30 ya 38,300, yaani 11,490. Anabaki na 26,810, na mwajiri anaongeza 600 zake za ushuru wa nyumba. Gari lenyewe kwa kuwa si pesa taslimu haliguswi na huo ushuru wa nyumba. Kwa hivyo Nairobi gari na pesa ni ndugu wa karibu. Huko kwenu ni mbingu na ardhi. Usimpelekee bosi jedwali moja la nchi mbili, utajuta.

KaratuHesabu
Dada asante, hapo ndipo ningeanguka. Na kilomita?

DadaThika
Kilomita ndiyo safi zaidi huku. Tangu Julai 2023 sheria inasema wazi kwamba malipo ya safari za kikazi kwa viwango vya AA Kenya (chama cha wenye magari) hayahesabiwi kama mapato ya mfanyakazi. Lakini za kikazi. Kutoka nyumbani Ruiru kwenda kwa shangazi Murang'a hakuna AA itakayokuokoa.

MzeeWaMakato
Bara pia, ukimrudishia mtu alichotumia kwa kazi ya mwajiri peke yake, si mapato yake. Tatizo ni ushahidi. Awe na daftari: tarehe, alikotoka, alikokwenda, kilomita za kuanzia na kumalizia, alimwona nani. Ukimpa 300,000 kila mwisho wa mwezi ukaiita "mafuta" bila daftari wala risiti, hiyo ni posho kama posho nyingine, inakatwa.

Mzunguko_Singida
Mnaongea sana nyie wa ofisini, ngoja na sisi wenye matako kwenye viti vya gari tuseme. Mimi natembea kilomita elfu tatu na ushee kwa mwezi. Kampuni niliyotoka ilituambia nunueni magari yenu tutawalipa kwa kilomita. Nikakopa, nikachukua Premio. Miezi sita ya kwanza raha. Baada ya hapo malipo yanachelewa wiki tatu, wiki tano, huku mimi nimeshaweka mafuta kwa hela yangu. Nikawa mimi ndiye ninayeikopesha kampuni. Premio kwa vumbi la Manyoni ikafa shokapu zote nne, wakasema hiyo haimo kwenye kiwango. Niligombana nao nikaondoka.

Kilomita inamfaa mtu anayetoka mara mbili kwa wiki ndani ya mji. Mtu wa shamba mpe gari la kampuni, mkate hiyo 25,000, na mumwambie waziwazi kwamba Jumamosi ni lake. Sisi kinachotuchosha si kodi, ni kuendesha gari la kazi kwenda kumwona mama huku unaangalia nyuma kama mwizi.

BimaKubwa
Huyu kasema kweli, ila bosi asiruhusu kwa mdomo. Niko kwenye bima. Watu wanakatia gari la kampuni bima kubwa wanadhani imeisha. Fungueni cheti msome lilikatiwa kwa matumizi gani na nani anaruhusiwa kuliendesha. Kama imeandikwa mwajiriwa mwenye leseni halali kwa kazi za kampuni, siku mke au shemeji anaendesha likagonga, madai yanaweza kukataliwa na mzigo ukarudi kwenu wote wawili. Kuongeza matumizi binafsi kwenye bima huwa kunaongeza ada, lakini ni maongezi ya siku moja na wakala wenu.

MishaharaTemeke
Niongeze la kompyuta, maana ndilo lililoniumbua. Programu nyingi za mishahara zina sehemu ya posho na sehemu ya faida isiyo taslimu. Faida inatakiwa iingie kwenye kiasi cha kukatia kodi kisha isitoke kwenye malipo. Mimi mwaka wa kwanza niliiweka kama posho. Mwisho wa mwezi watu sita wakalipwa taslimu 83,333 kila mmoja, juu ya gari walilonalo. Karibu nusu milioni imetoka benki. Kuirudisha ilichukua miezi miwili, na mmoja hadi leo ananiita "mfadhili". Fanya jaribio na mtu mmoja, angalia kama kinachokwenda benki kimepungua kwa kodi tu. Na uwahi, PAYE inatakiwa iwe imefika TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha.

KaratuHesabu
Hapo kwenye "mfadhili" nimecheka peke yangu ofisini. Sasa kuna wazo bosi kalileta mchana. Rafiki yake kamwambia kwamba kampuni isipodai gharama za gari kwenye hesabu zake, faida ya mfanyakazi haihesabiwi kabisa. Ni kweli?

MzeeWaMakato
Ni kweli, sheria imesema hivyo: mwajiri asipodai punguzo lolote kwa umiliki, matengenezo wala uendeshaji wa gari, jedwali halitumiki. Kwa taasisi isiyolipa kodi ya kampuni inaweza kuwa na maana. Kwenu nyie wafanyabiashara ni kuuza ng'ombe ununue kamba.

Kokotoa. Chukulia mafuta, bima na sevisi za gari moja zinakula milioni 9 kwa mwaka. Mkiziacha, mnalipa kodi ya kampuni ya asilimia 30 juu ya hizo milioni 9, yaani milioni 2.7, na uchakavu wa gari sijaugusa. Mfanyakazi kaokoa 300,000. Kama roho inawauma kiasi hicho, muongezeeni mshahara wa kufidia hiyo 25,000. Ili abaki nayo kamili baada ya asilimia 30 mnampa kama 35,700 na NSSF yake juu. Bado ni rahisi mara kadhaa.

Boda_ya_Kampala
Kwa faida ya wengine, Uganda ni namna ya tatu. URA, mamlaka ya mapato ya huku, inachukua asilimia 20 ya thamani ya soko ya gari lilipoanza kutolewa kwa matumizi binafsi, kisha inahesabu kwa uwiano wa siku ambazo gari lilikuwa linapatikana kwa mfanyakazi katika mwaka, na kutoa chochote ambacho mfanyakazi amechangia. Gari la milioni 60, mwaka wa kwanza mzima, ni milioni 12, yaani milioni 1 kwa mwezi kwenye mapato yake, na kwa aliye kwenye asilimia 30 hiyo ni kodi ya 300,000. Kwa hiyo sisi mtu akienda likizo anaacha ufunguo ofisini na tunaandika tarehe. Siku thelathini zinaonekana.

DadaThika
Hii ya siku ni tamu. Kwetu mwenye matumizi yenye mipaka anaweza kuombewa kiwango cha chini kulingana na anavyotumia, lakini bila daftari usijisumbue kuomba.

Mzunguko_Singida
Na mkopo wa gari mbona hamjaugusa?

MzeeWaMakato
Kwa sababu unahamisha mzigo tu. Mkopo wa riba nafuu nao ni faida: tofauti ya riba anayolipa na kiwango cha kisheria inaingia kwenye mapato yake. Unasalimika tu kama ni wa chini ya miezi 12 na hauzidi mishahara mitatu ya msingi, na kwa hela hiyo hununui gari la kwenda Manyoni. Kenya mwajiri ndiye anayelipia kodi ya hiyo faida.

KaratuHesabu
Wakuu, nimetoka kwa bosi. Wa mauzo Arusha wanabaki na Hilux, tunaziandika kuanzia mwezi ujao, kampuni haifidii kodi kwa sababu wenyewe walipoambiwa 25,000 walicheka. Mafuta ya safari binafsi ni yao, kadi ya mafuta inafungwa Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu asubuhi. Hapo kwenye kadi kulikuwa na kelele kidogo. Nairobi wawili wanabaki na kilomita za AA, wa tatu ambaye ni meneja ameomba posho na bosi kakubali. Wakala wa bima anakuja Alhamisi.

BimaKubwa
Vizuri. Kabla hajaja, nikuulize: siku ya ile harusi ya Usa River, gari alikuwa anaendesha nani?

KaratuHesabu
Shemeji wa kijana wetu.

BimaKubwa
Ana leseni?

KaratuHesabu
Anayo. Daraja A, ya pikipiki.