Glutamati 5 mM kwenye HT22: mitokondria zinaua, au nazo zinauawa?

SeliHai
Wakuu, naomba msaada. Seli za HT22 (ukoo wa maabara wa seli za ubongo wa panya), glutamati 5 mM. Saa ya 12 TMRM (rangi inayopima volteji ya mitokondria) imefifia karibu yote, mitokondria zimekatika vipande na kujikusanya kuzunguka kiini. Ferostatini-1 ya 1 µM (kizuizi cha feroptosisi, kifo cha seli kinachosukumwa na chuma na kuoksidika kwa mafuta) inaokoa vizuri, zVAD (kizuizi cha kaspesi, vimeng'enya vya kifo cha apoptosisi) haisaidii kitu. Deferoksamini 100 µM, dawa ya kunasa chuma, iliyowekwa pamoja na glutamati, inaokoa nusu tu. Je, niandike kwamba mitokondria ndizo zilizoua seli?

Mkunjo
Bado usiandike. HT22 hazifi kwa kusisimuliwa kupita kiasi, maana vipokezi vya kazi hiyo hazina. Glutamati inaziba mlango wa xCT, unaoingiza sistini (asidi ya amino ya kutengenezea glutathioni); sistini haiingii, glutathioni, kinga ya seli dhidi ya oksidi, inakauka na GPX4, kimeng'enya kinachozima peroksidi za mafuta, inakosa malighafi. Hapo peroksidi za mafuta ya utando zinabaki bila wa kuzizima. Chuma cha Fe2+ kinazivunja kuwa radikali, na kila radikali inavamia asidi ya mafuta ya jirani, hasa arakidoni na adreni ambazo kimeng'enya ACSL4 huziandaa kuingia kwenye utando.

Kwenye HT22 peroksidi hizo hupanda kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ya wastani, kazi ya lipoksijenasi, vimeng'enya vinavyooksidisha mafuta. Kisha BID, protini ya kuchochea kifo, inahamia kwenye mitokondria, volteji inaanguka, na ndipo linakuja wimbi la pili, kubwa zaidi. AIF, protini ya mitokondria, inatoka na kuelekea kwenye kiini. Kwa kuwa haihitaji kaspesi, zVAD haina la kuzuia. Kwa hiyo picha ya saa ya 12 inaonyesha mwisho wa mambo tu.

Pima kila baada ya saa 2, kuanzia saa ya 4. C11-BODIPY (rangi inayoonyesha kuoksidika kwa mafuta) na TMRM zisikae kisima kimoja cha sahani ya seli: BODIPY ambayo haijaoksidishwa inang'aa nyekundu palepale inapong'aa TMRM, utasoma takataka. TMRM 20 nM inatosha, na kisima kimoja kipe FCCP, inayofuta volteji ya mitokondria, ujue sifuri yako iko wapi. MitoSOX (rangi ya kupima superoksidi ndani ya mitokondria) usivuke 5 µM, ikizidi inakimbilia kwenye kiini.

Fe_mbili
Naongeza moja: jibu linategemea kichochezi. Seli zilizoondolewa mitokondria kwa mitofajia (seli kumeza mitokondria zake) bado hufa kwa RSL3, inayoshambulia GPX4 moja kwa moja. Ukizinyima sistini, mitokondria ndizo zinazosukuma gari, kwa kuunguza glutamini na kuendesha mnyororo wa elektroni. Ila RSL3 nayo huharibu mitokondria za HT22, kwa hiyo usichukue matokeo ya aina nyingine ya seli ukayabandika hapa. Weka MitoQ, kioksidishaji-pinzani kinachokwenda kwenye mitokondria, na pembeni desili-TPP, yaani kibebaji chake bila kioksidishaji-pinzani, kama kilinganishi. MitoQ ikiokoa na desili-TPP isiokoe, unayo hoja.

Deferoksamini huingia polepole kwa kumezwa, inaishia kwenye lisosomu (kifuko cha kumeng'enya cha seli). Itangulize saa kadhaa kabla ya glutamati, au tumia deferiproni, nayo ya kunasa chuma, inayopenya utando yenyewe. Usiiache muda mrefu mno: inaamsha HIF (protini ya kukabili upungufu wa oksijeni) na kuvinyima chuma vimeng'enya vya mnyororo wa elektroni, halafu unaanza kupima madhara ya dawa.

SeliHai
Nimeelewa, asanteni. Hadubini ya elektroni ina ulazima? Na kwenye neva za msingi (zilizotolewa moja kwa moja kwenye ubongo wa mnyama) nitumie glutamati ileile?

Mkunjo
Hadubini inasaidia: mitokondria ndogo, utando mzito, mikunjo ya ndani imepungua, utando wa nje umepasuka. Peke yake haithibitishi.

Kwenye neva za msingi hapana. Zikikomaa glutamati inafungua vipokezi vya NMDA, kalisi inafurika na mitokondria zinakufa kwa njia nyingine kabisa. Tumia RSL3, na MK-801, inayoziba NMDA, kwenye visima vyote. Angalia pia B27, kirutubisho cha kukuzia neva: ya kawaida ina vitamini E na glutathioni, hivyo seli zitaonekana sugu bure. Badili iwe ile isiyo na vioksidishaji-pinzani kabla ya kuweka dawa.