Nimetoka kwenye Hilux mpya kuingia Land Rover 109: ndivyo zilivyo au gari ni bovu?

Mkulima_Soni: Wakuu, habari zenu. Mjomba amenikabidhi Land Rover 109 Series III, pikapu ya dizeli, nishushe kabichi kutoka Soni, huku milimani Lushoto, hadi Mombo bondeni. Mimi nimezoea Hilux mpya ya kazini. Hii usukani unacheza, hata barabara ikinyooka narekebisha muda wote. Breki mpaka nikanyage mara mbili ndipo ishike. Ikiwa tupu, mashimo ya kwenye kona yanauhamisha mkia wake pembeni. Mzigo ukikaa, hatari zaidi ni ule mteremko. Nifanyeje?

Fundi Springi: Mkuu, tenganisha mambo. Usukani kuwa mzito gari likisimama ni kawaida, halina pawa stelingi. Kucheza sana ni uchakavu. Mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo, mwingine alale chini aangalie kila kiungo. Kile kinachochelewa kufuata ndicho kimekwisha. Breki ya kukanyaga mara mbili mara nyingi ni shuu (vile vibao vinavyobana) zimeachana na dramu (ile ngoma inayozunguka na gurudumu). Hapo kuna adjasta, kirekebishio cha kuzisogeza, ya kukaza kwa mkono. Likivuta upande mmoja ukifunga breki, fungua uangalie kama sili imevujisha mafuta kwenye shuu. Usipakie chochote kabla ya hayo.

Bibi Shamba: Uza hilo, mwanangu, ununue Hilux. Utalala usingizi.

Fundi Springi: Mama, shikamoo. Hata Hilux mpya nyuma ina springi za mabapa (vyuma bapa vilivyopangwa tabaka), ikiwa tupu nayo inaruka. Tofauti ni kwamba 109 ina mabapa hadi mbele, na haina mitambo ya kuizuia isiteleze.

Dereva Mstaafu: Kijana, nisikilize kuhusu mteremko. Dramu zikipata moto hupoteza nguvu, na 109 ina dramu magurudumu yote manne. Weka gia kabla ya kuanza kushuka, ile ile ambayo ungepandia ukiwa na mzigo huo, na usiibadilishe katikati. Injini ndiyo ikushikie gari. Breki kanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha achia zipoe. Ukipita kwenye maji, kanyaga taratibu huku ukitembea mpaka zikauke.

Mkulima_Soni: Asante, mzee. Na kile kirungu cha njano kando ya gia, nikibonyeze lami ikiwa kavu ili gari litulie?

Dereva Mstaafu: Hapana! Hicho kinaunganisha mbele na nyuma moja kwa moja, hakuna difu ya katikati ya kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Kwenye lami kavu kona zitakaza mfumo mzima na usukani utakuwa mgumu. Kitumie kwenye matope tu.