Mkanda wa mgongo na joto hili

Jamani, nina miaka 41, nimenyooshwa uti wa mgongo kwa vyuma na skrubu, wiki ya tano sasa. Nimefungwa mkanda mgumu wa plastiki, kutoka kwapani hadi nyongani. Huku Likoni, Mombasa, jasho linatiririka, ngozi yawasha. Mwafanyaje?

— Pole dadangu. Vaa fulana ya pamba isiyo na mshono ndani, ubadilishe kila ikilowa. Mie nilikuwa nazo nne, zapokezana kambani. Poda usitie, yaganda. Wekundu wa ngozi usipoondoka, rudi hospitali wakakurekebishie mkanda.

— Mbona mie sikupewa mkanda kabisa?

— Si kila daktari huutoa, shoga. Wengine huona vyuma vyatosha.

— Ahsanteni. Feri naivumilia, tuktuk na matuta yake, la!