Ukihamia Malindi: mwenye nyumba ana haki ya kukuuliza kabila na dini kabla ya kukutajia kodi?

Mama wa Wawili (mwenye mada)

Habari zenu nyote. Mimi ni Mkisii, muuguzi, nimeletwa Malindi kikazi tangu Januari. Kwa sasa nimejibanza kwa mwenzangu wa kazini na wanangu wawili wanalala kwenye godoro sebuleni kwake. Natafuta nyumba, na natafuta kwa nia moja: nataka mtaa uliochanganyika. Kijijini kwetu wanangu walikuwa hawajaisikia adhana ila kwenye televisheni. Nataka wakue wakijua kwamba jirani mmoja anafunga Ramadhani, mwingine anakwenda kesha kanisani, wa tatu anawatambikia koma wake, na wote wanaazimana chumvi.

Jumamosi iliyopita dalali alinizungusha. Kote tulikokwenda swali la kwanza halikuwa kama nina kazi wala kama nitalipa kwa wakati. Lilikuwa: "Wewe ni kabila gani?" Halafu dini.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Shella, mji wa kale, si mbali na yale makaburi ya nguzo. Bibi wa pale alinipa maji ya kunywa, akanishika mkono, akaniomba radhi. Anapangisha Waislamu tu. Nilitoka nimeumia, ila sikuona chuki usoni mwake.

Ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Ploti mpya, milango kumi, kila mlango na choo chake na mita yake ya umeme. Keateka, yule msimamizi wa ploti, akanitazama, akatabasamu: "Wewe ni wa bara, utapata. Hapa hatuweki Wagiriama. Wanachelewesha kodi, na wakifiwa wanajaza watu uani." Alilisema kama zawadi. Pale ngazini palikuwa na mama wa makamo akifagia, Mgiriama. Hakuinua kichwa. Ngazi ile ile aliifagia mara tatu.

Dipoziti nilikuwa nayo mkobani. Niliondoka nayo. Dalali alinidai shilingi mia tano za kuzungushwa, nikampa, akaniambia nina maringo.

Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya 2010 kinakataza kubaguana kwa misingi ya kabila, dini na mengineyo, na hakiishii kwa serikali: kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake. Sasa nauliza. Nyumba ni ya mtu, kajenga kwa jasho lake. Ana haki ya kuchagua kwa kabila na dini? Na kama kila mwenye nyumba atachagua hivyo, huo mtaa wa mchanganyiko nitaupata wapi?

Dereva wa tuktuk

Dada, dalali atakupeleka penye fungu lake. Tembea mwenyewe saa kumi na mbili jioni, Muyeye, Maweni, Kisumu Ndogo. Angalia nani ananunua kwa nani. Ukimwona mama wa Kijaluo anakaanga samaki na wanaongoja ni mabuibui, leso na kofia pamoja, hapo panakufaa. Halafu rudi tena siku ya mvua uone maji yanapopita.

Bi Mkubwa wa Shella

Mwanangu, pole, na karibu Malindi. Mimi siye yule bibi uliyemwona, lakini ningekujibu kama yeye, na sitaki nionekane mbaya bila kusikizwa.

Nyumba zetu za kale hazikujengwa kwa kupangisha. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ni uani. Uani pana kisima kimoja, choo kimoja, jiko moja. Alasiri ya Ramadhani twapika pale wanawake watupu, vichwa wazi, mmoja anakuna nazi, mwingine anasukuma chapati, mtoto analala kwenye mkeka. Miaka ya nyuma nilimweka kijana mmoja mgeni, mwema, kodi alilipa tarehe moja bila kukumbushwa. Lakini wageni wake waume walipita ukumbini bila hodi. Binti zangu wakawa wafungwa wa chumba kimoja mwaka mzima. Yeye hakukosa adabu, hakujua tu. Na mimi sikuwa na ulimi wa kumwambia kila siku.

Kwa hiyo ninapouliza dini nauliza sitara ya uani wangu. Usidhani sisi ni watu wa damu moja. Mji huu ulikuwa umekufa, ukafufuliwa mwaka 1861 kwa amri ya Sultani wa Zanzibar, na mashamba ya mtama na ufuta yakalimwa na watumwa. Shella utawakuta Wabajuni, Washihiri, Mabohora, na wajukuu wa hao walioletwa kwa nguvu. Twaozana, twazikana. Mchanganyiko tunao, ila una mlango wake.

Hiyo ploti ya milango kumi, kila mtu na choo chake, ni jambo jingine. Hapo hapana sitara ya kulindwa. Huo ni ubaguzi.

Mwalimu, Barani

Nimesoma mpaka pale pa mama wa ngazi nikaiweka simu chini kwanza.

Dada muuguzi, nia yako ni njema na sina ugomvi nawe. Ila hilo neno "mchanganyiko" mara nyingi ni neno la anayefika. Anayefika anatazama mtaa kama anavyotazama sahani: pana wali, pana mbaazi, pana samaki, vizuri. Sisi hatukuja kuchanganywa, tulikuwa hapa.

Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi ya ukanda wa pwani. Aliyeweza kudai na kuthibitisha mbele ya wakubwa alipata hati. Wazee wetu walikuwa na mashamba, na karatasi hawakuwa nayo. Mwaka 1914 Wagiriama wakaamriwa waondoke kaskazini ya mto Sabaki, na Kaya Fungo, kaya yetu takatifu, ikalipuliwa kwa baruti. Mekatilili wa Menza alikwisha kupelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi kwa kuwakusanya watu wakatae, na akatoroka akarudi. Sanamu yake ipo hapa mjini, watu wanapigia picha. Hadi leo mtu analima shamba alimozikwa babu yake, na kwenye karatasi yeye ni skwota. Sasa mtu huyo huyo akija mjini kutafuta chumba anaambiwa hapa hatuweki Wagiriama. Malindi!

Kuhusu kujaza ua wakati wa msiba: ndiyo, tunajaza. Msiba wetu ni wa watu wengi na wa siku nyingi. Mwenye nyumba anaweza kuandika kwenye mkataba kwamba matanga yafanyiwe nyumbani kwa wazazi, na wengi wetu tutakubali, maana huko ndiko tunakozika. Hilo ni sharti la tabia, linamhusu kila mpangaji. Kabila langu si tabia.

Na wewe nikuulize. Ukipata nyumba huku mtaani kwetu Barani, wanao watasoma shule gani? Nimefundisha hapa miaka kumi na moja. Wageni wakipanga mtaani kwetu, watoto wao huchukuliwa na gari alfajiri, wanarudi jioni, geti linafungwa. Mtaa unakuwa pa kulala. Wanao wakikaa darasani kwangu, kabla ya mwaka kwisha watakuwa wanamwita bibi wa jirani "hawe" bila kufundishwa na mtu.

Mlinzi, Casuarina

Nami niseme kidogo. Ukitaka mataifa mengi yako huku ninakolinda, Casuarina. Waitaliano walianza kuzoea Malindi tangu mambo ya San Marco, lile jukwaa la roketi baharini kule Ngwana lililorusha setilaiti mwaka 1967. Hadi leo kuna vijana wa ufukweni wanaojua Kiitaliano kuliko Kiingereza. Lakini kuta ni ndefu. Nina miaka tisa hapa. Nyumba ya kulia na ya kushoto hazijawahi kuingiliana. Yuko mzee mmoja tu wa Kiitaliano anayetoka kwa miguu kwenda kununua mahamri kila asubuhi. Mama muuza mahamri alipofiwa, alikuja akakaa kwenye mkeka pamoja nasi tangu asubuhi hadi mazishi. Mmoja.

Mkaazi wa Kisumu Ndogo

Nimezaliwa hapa, wazazi wangu walitoka Nyanza. Naona wengi mnauzungumza mchanganyiko kama kitu kitamu. Si kitamu kila siku. Njoo kwenye bomba saa kumi na moja alfajiri siku maji yamepotea, mitungi sitini kwenye foleni na mtu mmoja amechomeka wa shangazi yake katikati. Utasikia matusi kwa lugha saba.

Tumegombania kelele. Disco matanga usiku kucha, kesha la kanisa na spika mbili, na kuna waliolalamikia hata msikiti. Tumegombania mnazi. Mangwe, kilabu cha mnazi, ilikuwa hatua thelathini kutoka madrasa, walevi wanaimba watoto wakisoma. Tulikaa vikao vitatu. Wa kwanza ulivunjika. Wa pili mwenye mangwe alikuja na wazee wake, mwalimu wa madrasa na wake. Wa tatu wakakubaliana: mlango wa mangwe ugeuzwe utazame barabara, na kuuza kusianze kabla madrasa haijafungwa. Mlango uligeuzwa. Nilishika nyundo mimi mwenyewe.

Sasa nisikizeni, maana hili ndilo nililotaka kusema. Mwanzoni mwa 2008, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi, sisi tulilala mizigo imefungwa mlangoni. Jirani yetu Mgiriama, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amegombana na mama kwa ajili ya kamba ya nguo, alikuja na kiti chake akakaa barazani kwetu. Hakusema kitu. Alikaa usiku wa kwanza na wa pili. Asubuhi mama alimpa chai, akanywa, akaenda kazini.

Huyo mwenye ploti ya milango kumi anadhani anawapa watu wa bara usalama. Amewaweka kumi mahali pamoja, wote wa upande mmoja, na mji mzima unajua. Siku mambo yakichafuka, ploti hiyo inaonyeshwa kwa kidole kimoja tu. Nani atakuja na kiti?

Mama wa Wawili (mwenye mada)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mwalimu, umenigusa panapouma. Nilikuwa nimekwisha kuuliza bei ya shule yenye gari. Wanangu nitawaleta kwako muhula ujao, na nitakaa nawe uniambie wanahitaji nini.

Bi Mkubwa, uani wako nimeuelewa. Hata mimi nisingetaka mwanamume apite bila hodi ninaposuka nywele. Choo kimoja na kisima kimoja ni maisha ya ndani ya watu, na huko sidhani sheria inafika vizuri. Ila nina swali, na naliuliza kwa heshima. Dalali wangu aliuliza kabila kwanza, dini baadaye. Akija Mkisii Mwislamu, utampa chumba?

Bi Mkubwa wa Shella

Kesho asubuhi.

Mwalimu, Barani

Na Mgiriama Mwislamu, bibi?

Bi Mkubwa wa Shella

Nimeliacha swali lako tangu jana, mwalimu, kwa sababu sikutaka kukujibu kwa mdomo tu.

Alikuja mmoja, marehemu mume wangu akiwa hai. Fundi mashua, anaswali, ana mke na mtoto mchanga. Mume wangu alimwambia chumba kimekwisha kuchukuliwa. Hakikuchukuliwa, kilikaa kitupu miezi minne. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nilinyamaza. Sitara haikuwa na neno pale. Mwenyezi Mungu amsamehe, na anisamehe mimi. Akija leo nitampa.

Dereva wa tuktuk

Bi Mkubwa, Mungu akuweke.

Mama wa Wawili (mwenye mada)

Ahsante, bibi, kwa kulisema.

Nimepata vyumba viwili Muyeye, nimetembea mwenyewe jioni kama dereva alivyonielekeza. Mwenye nyumba aliniuliza ninafanya kazi wapi na kama watoto wanapiga kelele. Basi. Mlango wa kushoto ni fundi cherehani Mpokomo, wa kulia ni mama wa Kikamba anayeuza mitumba, nyuma ni familia ya Kigiriama yenye watoto sita.

Lakini ile ploti sitaki kuiacha hivi hivi. Nilimpigia simu mwenye ploti. Alisema nyumba ni yake, pesa ni zake, na nisimfundishe kazi. Jumamosi saa tatu nakwenda kwa chifu kulalamika rasmi, kisha chifu atuelekeze pa kwenda. Mwalimu, naomba uje nami. Nilikuwa nafikiri tumwombe yule mama wa ngazi aseme aliyoyasikia.

Mwalimu, Barani

Nitakuja. Yule mama nimemtafuta, anakaa nyuma ya shule yetu. Alisikia kila neno. Anasema keateka huyo huyo ndiye anayemlipa kila Jumamosi, na ana wajukuu watatu nyumbani. Hataki jina lake litajwe, wala isemwe kwamba palikuwa na mtu anafagia.

Mama wa Wawili (mwenye mada)

Basi nitasema nilikuwa peke yangu na dalali. Saa tatu, mwalimu.