Kufundisha watu wazima kusoma na kuhesabu kwa simu, mtandao wa kubahatisha, mnafanyaje?

chaki_na_ubao:
Wakuu habari zenu. Nimepewa kikundi cha watu wazima wanaotaka kujua KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), wametawanyika vijiji ambavyo mwalimu hafiki, na mvua ikianza ndo kabisaa, barabara inakatika. Wengi wana vitochi, zile simu ndogo za vitufe, simu janja iko moja tu kwa mwenyekiti na mtandao mpaka upande mlimani. Wanaotoa hela wanataka tutengeneze aplikesheni yenye video, mi moyo unasita. Sasa herufi unamfundishaje mtu ambaye humwoni anavyoshika kalamu? Na hesabu ndo zinanichanganya zaidi, maana kwa mdomo wako vizuri, wanajumlisha hela kichwani haraka kuliko mimi, ila waambie waandike mia mbili na tano, mtu anakuandikia 2005.

ngumbaru_mstaafu:
Mwalimu, usifundishe wanafunzi kwa simu. Fundisha mtu mmoja aliyeko hukohuko, hata kama kaishia darasa la saba, halafu yeye ndo akae nao. Wewe kazi yako unampigia kabla ya kipindi mnapitia somo, na baada ya kipindi anakwambia nani kakwama wapi. Hili si jambo geni, Tanzania mwaka 1973 kwenye kampeni ya Mtu ni Afya watu kama milioni 2 walisoma kwa redio, ila hawakuachiwa redio peke yake, walikaa kwenye vikundi, kuna kitabu, kuna kiongozi wa kikundi, wakishasikiliza wanajadili afu wanaenda kuchimba choo kweli. Redio bila kikundi inageuka kelele ya nyuma watu wanapiga stori zao. Na huyo kiongozi mlipeni chochote jamani, kujitolea kunaisha msimu wa kilimo ukifika.

mama_silabi:
Nije kwenye 2005, maana hapo wengi wanadhani mtu hajui hesabu kumbe anajua sana. Yeye kaandika alichosikia, mia mbili kaandika 200 halafu "na tano" kaweka 5 mbele yake. Kasoro iko kwenye nafasi ya tarakimu tu. Mwambie huyo msimamizi wa hukohuko akate kadi za boksi, za mamia ndefu (100, 200 mpaka 900), za makumi saizi ya kati, za mamoja fupi. Mtu achukue 200, achukue 5, ailaze 5 juu ya sifuri ya mwisho, asome. Afu 200 na 40 na 5, alaze zote. Akishaona sifuri zinafunikwa anaelewa mwenyewe zilikuwa zinashika nafasi. Hii unaielekeza kwa simu bila video yoyote.

Na usianze na 1+1 utawatukana. Waulize hesabu ya kichwani wanaifanyaje, mwingine anakata kwanza makumi, mwingine anajaza mpaka ifike mia ndo anaongeza kilichobaki, basi mwandikieni njia hiyohiyo yake kwenye karatasi. Ile ya kupanga wima na kubeba moja ije baadaye, tena kwa anayeitaka.

fundi_redio:
Mi siungani sana na hofu ya video, tatizo ni imekusudiwa nani. Mcuba Leonela Relys ndiye aliyetengeneza njia ya kufundisha watu wazima kusoma inayoitwa Yo, sí puedo (yaani "Ndiyo, naweza"), chanzo chake ilikuwa masomo ya redio Haiti, baadaye ikawa video zilizorekodiwa, na kila darasa lina msimamizi. Ujanja wake ni kwamba kila herufi inapewa namba, kwa sababu mtu asiyesoma mara nyingi namba anazijua tayari. Wako nao wanapiga simu kila siku, kitochi kina namba na herufi kwenye vitufe vilevile, pa kuanzia pako mkononi.

Ila kama hela ni kidogo rekodi sauti, fupifupi, mtu aweze kurudia. Video ya dakika kumi inamla bando mwenyekiti wa watu bure.

chaki_na_ubao:
Asanteni sana wakuu, kadi nazianza wiki hii. Ila bado kuandika, msimamizi anasema wengine mwandiko unaenda hovyo na hawataki kabisa kushika daftari mbele ya wenzao.

mama_silabi:
Kwanza hakikisha wanaona. Kuanzia miaka 40 hivi macho ya karibu yanapungua, mtu unamwona mzito wa kuelewa kumbe herufi kwake ni ukungu. Msimamizi aandike kubwakubwa kwa mkaa au chaki, na miwani ya kusomea muiweke kwenye bajeti kabla ya hiyo aplikesheni.

Kuhusu aibu, waanze na majina yao, kila mtu lake, silabi kwa silabi. Picha za madaftari mwenyekiti akipanda mlimani azitume zote kwa mpigo, wewe jibu kwa sauti, kila mtu jambo moja tu la kurekebisha. Usiwarudishie daftari lililojaa alama nyekundu.

ngumbaru_mstaafu:
Na uliza simu ni ya nani. Kuna wakinamama wengi simu ni ya mume, jioni anatoka nayo, unaona mwanafunzi mtoro kumbe hana simu. Muda wa kipindi wapange wao.

chaki_na_ubao:
Duh, hilo la simu sikuliuliza. Leo nampigia msimamizi.