Mtoto amefika P.5 (darasa la tano la msingi) hajui kusoma: tungoje mtaalamu wa saikolojia au tuanze na walimu tulio nao?

Mwalimu, Malaba:
Wandugu salaam. Hii kitu imenikaa moyoni tangu term ya kwanza, leo naitoa tuijadili wazi. Nina mvulana darasani, P.5, hesabu za kichwa anazifanya haraka kuliko mimi lakini mpe kitabu asome mstari mmoja anatoka jasho. Mwalimu wa kabla yangu alimuandika mvivu kwenye ripoti, na mimi mwenyewe kama wiki tatu nzima nikamuita mvivu, hata nikawa namsimamisha nyuma ya darasa. Ni bibi yake ndiye alikuja shule akaniambia, mwalimu, huyu alipokuwa na miaka mitatu malaria ilimpanda kichwani, akashikwa na degedege, akalala hospitali siku nne hatambui mtu. Siku hiyo nilirudi nyumbani chakula kikanishinda.

Alafu nikaja kujua haya mambo yameshachunguzwa hapahapa kwetu Uganda. Watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya kichwa pale hospitali ya Mulago, Kampala, matokeo yakatoka 2008: miaka miwili baada ya kupona, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa bado na shida kwenye kumbukumbu au kutuliza akili kwenye kazi au kujifunza kitu kipya. Hebu fikiria sisi huku kwenye mbu mwaka mzima ni watoto wangapi. Sisemi ndiyo sababu ya huyu wangu, mimi siyo daktari, ndiyo maana nataka mtu wa kumpima.

Sasa shule ya serikali ya kijijini itampata wapi? Butabika iko Kampala na ni hospitali ya wagonjwa wa akili, mzazi ukimtajia jina hilo tu anajua umemuita mtoto wake kichaa. Makerere na Kyambogo wanafundisha wataalamu lakini sijaona hata mmoja akishuka taksi hapa kwetu kuuliza shule iko wapi. Kuna wenzangu wanasema serikali iajiri mwanasaikolojia kila shule, wengine wanasema walimu tufundishwe tuifanye wenyewe. Mimi nasema kila shule hatutafika, huyu mtoto atakuwa ameshaacha masomo anasukuma mizigo ya malori mpakani. Nataka mmoja kwa kila wilaya, mwenye usafiri, na kila shule mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi wa kumuandalia kazi kabla hajafika. Semeni.

Mzazi, Kampala:
Mwalimu nakuheshimu lakini mmoja kwa wilaya hapana. Mimi nililipa mwenyewe, binti yangu akapimwa siku mbili na mtaalamu wa binafsi, wakasema disleksia, yaani shida ya kusoma ambayo siyo uvivu wala ujinga, wakaniandikia ripoti nzuri kabisa yenye mapendekezo. Nikaipeleka shule. Unajua ilienda wapi? Kwenye droo. Hakuna mtu ndani ya shule aliyejua kuisoma. UNEB, baraza letu la mitihani la taifa, inawapa watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 45 za ziada, wengine wanasomewa maswali, lakini lazima shule imtaje mtoto wakati wa kusajili, na yetu haikumtaja. Dakika 45 za mwanangu zilifia kwenye droo wakati mimi niko nyumbani nangoja nimefurahi. Kwa hiyo mtu akija mara moja kwa term akaondoka ni nani atabaki na ile karatasi? Sheria iseme kila shule iwe na mtu wake, na shule za binafsi zinazotoza mamilioni zianze kesho, hazina kisingizio.

Mwalimu, Wakiso:
Mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi!! Vipindi vyake atavichukua nani? Nina watoto 104 kwenye darasa moja. Yule mwalimu mlezi wa wasichana, sinia wumani wetu, ndiye wa pedi, ndiye wa msichana aliyepata mimba, ndiye wa mtoto aliyefukuzwa na mama wa kambo, na vipindi vyake vyote anafundisha na mshahara hauongezeki hata shilingi. Shule zilipofunguliwa Januari 2022 baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa walirudi watoto wengine wameshakuwa watu wazima, wamefanya kazi, wamezaa, tukaambiwa tuwape ushauri nasaha. Kwa elimu gani? Niliongea na msichana mmoja nusu saa nikamwambia vumilia, mpaka leo najiuliza kama sikumharibia zaidi. Msitubebeshe tena.

Mzee mstaafu, Soroti:
Vijana mnaongea kama hii kitu haijawahi kuwepo. Miaka ya tisini tulikuwa na EARS, huduma ya kuwapima watoto wenye shida ya kujifunza, Wadenmark walisaidia na pesa, na wilayani kulikuwa na kituo na watu wake. Waliofundisha walimu ni taasisi ya elimu maalum ya Kyambogo, UNISE, ambayo 2003 iliingizwa kwenye chuo kikuu cha Kyambogo. Nilifanya hiyo kazi. Mtoto akiletwa jambo la kwanza ni masikio na macho, kabla hujaanza kusema habari ya akili. Nakumbuka msichana walisema ni mjinga, hajibu akiulizwa, kumbe masikio yote mawili yana usaha wa muda mrefu, akatibiwa, akakaa mbele, akaanza kujibu. Pesa ya wafadhili ilipokwisha kazi ikaachiwa wilaya, na kwetu ikamezwa na ukaguzi wa shule, ofisa yuleyule anahesabu vyoo na madawati halafu ndiye apime watoto. Kwa hiyo mwalimu wa Malaba unachoomba siyo kigeni, ila safari hii mshahara wa huyo mtu utoke kwenye bajeti ya serikali yetu wenyewe, la sivyo atakwenda na wazungu tena.

Mzazi, Nakivale:
Mimi niko mkimbizi, tulitoka Kongo. Naomba mukumbuke na lugha. Mtoto wangu kule alikuwa anasoma Kifaransa, nyumbani ni Kiswahili, hapa akaingia Kingereza, akarudishwa P.2 na miaka kumi na moja. Mwalimu akaniambia mtoto wako ana akili nzito. Ule mtu wa kupima akikuja na karatasi ya Kingereza, batoto bote ba hapa atasema ni bagonjwa. Kwanza aulize mtoto kwa lugha yake. Na pia hawa watoto wameona vitu kule nyuma, wangu akisikia mlango umegongwa na nguvu anajificha chini ya meza, ile nayo siyo ujinga.

Mwalimu, Malaba:
Asanteni kweli. Nimesoma yote mara mbili, kuna kitu nilikichanganya na nadhani tumekichanganya wengi. Kufariji na kupima ni kazi mbili. Mtoto wa Nakivale anayejificha chini ya meza anahitaji mtu wa karibu wa kila siku, na hapo siamini lazima awe mtaalamu wa chuo kikuu. Mwaka 2002 kule Masaka na Rakai vijijini walijaribu vikundi vya kuongea kwa watu wazima wenye sonona, wanaoongoza vikundi wakawa watu wa kawaida waliofundishwa wiki mbili tu kwa Kiganda, na watu wakapata nafuu kubwa. Walikuwa watu wazima, sawa, lakini inaonyesha kwamba kusikiliza kunafundishika. Mwenzangu wa Wakiso, wewe hukushindwa na yule msichana, hukufundishwa, na hukupewa muda, basi.

Kupima ni kitu kingine. Kusema huyu ni disleksia, huyu ni lugha, huyu ni masikio, hiyo siwezi na nisijaribu, nikikosea nimempa mtoto jina la maisha yake yote. Hapo bado nasema mmoja wa wilaya. Lakini mama wa Kampala umenishinda kwenye droo, nakubali, huyo mtaalamu asiondoke shule kabla hajakaa na mwalimu wa darasa na hedimasta wakaandikiana nani atafanya nini, na majina ya watoto yapelekwe UNEB mapema, mtoto akiwa P.6, siyo P.7 dakika ya mwisho wakati usajili wa mtihani unafungwa. Na mwalimu wa kumsaidia alipwe posho, bila hiyo ni kweli tunamuongezea mzigo tu.

Na kiboko kitoke. Sheria ya watoto ilivyorekebishwa 2016 imeshakataza kupiga watoto shuleni lakini bado tunawachapa wale wasiosoma, na mtoto anayechapwa kwa kutosoma anajifunza kuficha, wangu alikuwa anakariri ukurasa mzima kwa kusikia wenzake ili nisimgundue. Mpaka mtaalamu afike ukishamuondolea woga tayari umeanza kujua shida yake iko wapi.

Mimi nimeanza hivi: nimemhamishia mbele, maswali ya mtihani namsomea kwa sauti anajibu kwa mdomo, sayansi ametoka 20 akafika 61. Naandika kwenye daftari kila siku ameshindwa wapi na ameweza wapi, nimpe huyo mtaalamu siku akija. Jumanne natoka na bibi yake kwenda kituo cha afya wamuangalie masikio na macho kama mzee wa Soroti alivyosema, sijui kwa nini sikuwaza hilo mapema. Kama kuna mtu yuko wilaya ya Tororo anamfahamu ofisa wa elimu maalum anayepokea watoto kutoka vijijini, aseme ni siku gani anakuwepo ofisini, nauli ya bodaboda nitailipa mimi.